Foronya Zilizotazama Ukutani

Nilimfahamu yule nesi kwa viatu vyake kabla sijamfahamu kwa sura. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na vyuma vya uzito, nami nimelala chali kama suruali iliyoanikwa. Nilikanyaga kipande cha sabuni uani kwangu, paja likavunjika, hadithi yake ni fupi kiasi hicho. Mtu aliyekaa nyuma ya cherehani maisha yake yote, ukimlaza hivyo wiki baada ya wiki, masikio yanamwota upya. Nikawa najua nani anapita kwa mlio wa nyayo. Daktari alivaa raba zinazolia kama panya. Mfagiaji aliburuta kandambili. Halafu kulikuwa na viatu vya kisigino kifupi, ta-ta-ta-ta, havipumziki, na hata mwenyewe akisimama kumchoma mtu sindano, kisigino kimoja kiliendelea kugonga sakafu.

Siku alipofika kwangu nikamwambia, "Mwanangu, wewe ni cherehani. Tofauti ni kwamba hakuna anayekukanyaga."

Akacheka mpaka akashika chuma cha kitanda. Wagonjwa wa jirani wakalidaka lile jina, na haukupita muda wodi nzima ya wanaume ikawa inamwita Sista Cherehani. Mwenyewe akaitika.

Mwenzake aliitwa Taratibu, jina alilopewa na wagonjwa walionitangulia. Mwanamke mrefu, mwili umejaa, mikono ya joto. Sikuwahi kumwona akikimbia, hata pale dripu ya mtu ilipogoma na ndugu zake wakaanza kupiga kelele. Yeye alifika tu. Cherehani alikuwa amekwisha kufika mbele yake, amekwenda kuchukua kitu, amerudi, amekumbuka kingine, amekwenda tena, na Taratibu akikuta vyote viko tayari anafanya lile lililobaki. Walikuwa zamu moja tangu Cherehani alipotoka chuoni. Ukiwatazama wakitandika kitanda chenye mgonjwa ndani yake, ungedhani ni mtu mmoja mwenye mikono minne. Hawakuambizana shika hapa, vuta kule. Shuka chafu lilitoka, safi likaingia, na mgonjwa katikati hakupata hata nafasi ya kulalamika.

Kazi yao kubwa, ile ambayo watu wa nje hawaijui, ilikuwa kugeuza watu. Mtu asiyeweza kujisogeza akiachwa upande mmoja, nyama inakufa pale mfupa unapokandamiza godoro, panatoboka kidonda ambacho huenda kikamuua kabla ya ugonjwa wake. Kwa hiyo anageuzwa kila baada ya muda, kulia, kushoto, chali, na mto unawekwa mgongoni asirudi. Mimi sikuwa kwenye hesabu hiyo. Juu yangu kilining'inia kishikio cha chuma, nikawa najiinua mwenyewe kama nyani mzee. Lakini jirani yangu wa mkono wa kulia alikuwa kwenye hesabu, na ndiye wa kwanza.

Huyo tulimwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa mwalimu kweli, wa shule ya msingi, mstaafu. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mzima na maneno yote. Yalibaki macho, nayo yalikuwa makali. Ukisema jambo la kipuuzi karibu naye unajiona uko mbele ya darasa. Bintiye, msusi, alikuja kila jioni akitoka saluni kwake, vidole vinanuka mafuta ya nywele, akamfuta uso na kumsimulia habari za wateja bila kuwataja.

Sasa kuna jambo nilikuja kulijua baadaye, lakini nitalisema mapema ili msomaji asipotee. Wale wawili walikuwa na ishara yao. Wodi ni ndefu, kazi inakatizwa kila saa. Huyu ameanza kugeuza watu upande wa dirishani, anaitwa kwenda kumshika mtu anayetapika. Yule anaendelea, naye anaitwa. Kulikuwa na karatasi za kutia alama miguuni mwa vitanda, zilipokwisha hakuna aliyezifuatilia, maana wao hawakuzihitaji. Walitumia foronya. Zamu ikianza, midomo ya foronya zote, ule upande wa kuingizia mto, ilitazama mlangoni. Mtu akishageuzwa, mto wa kichwani mwake unawekwa mdomo utazame ukutani. Duru ikiisha, zote zinarudishwa mlangoni, wanaanza upya. Kwa hiyo yeyote kati yao akiingia, akitupa jicho moja tu anajua nani bado. Hakuna kuulizana wala kuamsha watu. Nilikuwa nawaona wakizungusha ile mito na nikadhani ni mazoea ya mikono tu, kama mimi ninavyopiga kitambaa kofi kabla ya kukikata.

Maisha ya Cherehani niliyapata vipande vipande, kama vitambaa vinavyobaki chini ya meza ya fundi, kwa sababu hakuwahi kukaa akamaliza hadithi. Anaanza akinisugua mgongo kwa poda na spiriti, anamalizia kesho yake akibadilisha chupa ya mkojo. Alikuwa hakutaka unesi. Alimsindikiza rafiki yake kwenye usaili wa chuo, wakakaa kwenye benchi, yule mama wa usaili akatoka nje, akamwona huyu anatembea huku na huku uwanjani kama amefungiwa. Akauliza, yule naye amekuja? Akaingizwa, akaulizwa maswali, akajibu akiwa amesimama. Rafiki akarudishwa nyumbani, yeye akachukuliwa. Alinisimulia hilo kwa aibu, kana kwamba alimwibia mtu.

Mume alimpata hospitali hapo hapo. Fundi wa kuchomelea mageti, aliletwa na chembe ya chuma jichoni, na kazi ya Cherehani ilikuwa kumshika kichwa kisitikisike wakati chembe inatolewa. Ilipotoka, jamaa akasema kichwa chake hakijawahi kushikwa vizuri namna ile, je, hawezi kuendelea nacho? Wana watoto wawili, wa kike wote. Yule fundi nilimwona mara moja alipomletea mkewe mwavuli. Mtu mpole, mwenye mabaka ya cheche mikononi. Alinisalimia shikamoo vizuri, akaniambia, "Babu, mwambie huyu. Nyumbani akikaa kitini, unadhani kiti kinaungua."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Hospitali ilikuwa imefungua kliniki ya kupima watoto kule mbele, karibu na geti, na Metroni, mama mkuu wa manesi, alikuwa amemchagua Cherehani aende. Kazi ya asubuhi hadi alasiri, Jumapili nyumbani, hakuna zamu ya usiku, hakuna kubeba mtu mzito. Kukaa, kupima uzito, kuzungumza na akina mama. Mume alitaka sana, na hakutaka kwa ubaya. Watoto walikuwa wamefikia umri wa kumuuliza mama kama leo analala nyumbani au kazini. Metroni akampa mpaka mwisho wa mwezi atoe jibu.

Naye hakuwa na jibu. Hapo ndipo viatu vikazidi. Anakuja kwangu na beseni, analiweka, anasahau sabuni, anarudi, anasimama dirishani anatazama kule geti ambako walikuwa wanapaka kliniki rangi ya kijani, anaondoka bila kuniosha. Nilimuuliza kama amemwambia Taratibu habari hiyo. Akasema atamwambia.

"Lini?"

"Babu, na wewe. Nikimwambia itakuwa kweli."

Basi akakaa nayo rohoni, na ikamla. Kazi ya wodini aliipenda, lakini hakuipenda peke yake. Aliipenda akiwa na yule mtu wa upande wa pili wa kitanda. Aliniambia kwamba kuna watu wanaokwenda kazini kwa sababu ya mshahara, na wengine kwa sababu ya wito, yeye alikwenda kwa sababu ya raha ile ya kunyoosha mkono na kukuta kitu kimeshawekwa mkononi. Alisema hivyo akaona haya, akaondoka. Kilichomsumbua kilikuwa kimoja tu: akienda kliniki atamwacha Taratibu na wodi nzima, na akibaki atakuwa amewaibia wanawe.

Katikati ya hayo akaletwa nesi mpya, kutoka chuoni moja kwa moja, sare bado ina mikunjo ya kabatini. Binti mfupi, mwangalifu, mwenye sauti ya chini, tukamwita Mgeni na jina likamkaa. Wale wawili walimpokea vizuri, wakamwonyesha dawa ziko wapi, choo kipi kinavuja, daktari yupi anataka faili lishikwe wazi. Lakini ilikuwa vigumu kwake kupata nafasi ya kuingiza mkono. Anakimbilia shuka, shuka limeshavutwa. Anataka kusaidia kumgeuza Mwalimu, ameshageuzwa. Wenyewe hawakuliona hilo. Nani mwenye furaha ya kucheza na mwenzake anamwona aliyekaa pembeni? Kwa hiyo Mgeni akajitafutia kazi zake. Alinyoosha mapazia. Alipanga vikombe. Na kila alipopata nafasi alipita kitanda hadi kitanda akirekebisha mito, kwa sababu chuoni kwao walifundishwa kwamba mdomo wa foronya haupaswi kutazama mlango. Daktari au mgeni akiingia aone upande uliofungwa, safi. Akaigeuza yote itazame ukutani. Kwa mapenzi kabisa, na kwa mkono mzuri.

Ikatokea kwamba siku hizo hizo lori lililobeba vibarua wa ujenzi lilipinduka, na wodi ikajaa mpaka sakafuni. Kulikuwa na magodoro kati ya vitanda, watu wanaugua, ndugu wamejaa mlangoni. Cherehani na Taratibu waliachana kwa mara ya kwanza tangu nilipofika, huyu kwenye vidonda, yule kwenye dripu, na Mgeni anatumwa stoo na maabara kila dakika. Cherehani akipita mbio kichwani mwa wodi anatupa jicho kwenye mito: yote inatazama ukutani. Anashukuru moyoni. Anaendelea. Taratibu naye akipita taratibu anatazama: ukutani. Anatikisa kichwa kwa kumsifu mwenziwe, anaendelea, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeirudisha mlangoni duru ikiisha.

Najua walivyowaza kwa sababu waliniambia, kila mmoja kwa wakati wake. Cherehani alisimama kwangu siku ya pili ya vurugu ile, jasho limemlowesha kola, lakini uso umetulia kidogo.

"Mwenzangu yule ni mtu wa ajabu," akasema. "Na mzigo wote huu bado anawageuza wazee, hata mimi sijui saa ngapi. Unaona Babu? Hata nikiondoka, anaweza."

Nikamwona amepata kama ruhusa. Na Taratibu, aliponipa vidonge vyangu jioni ile, akaniambia kwa ile sauti yake ya kuvuta kwamba Cherehani anajiua na kazi, kila akienda kugeuza mtu anakuta ameshatangulia, atamwambia apumzike.

Wawili wanashukuriana, na Mwalimu amelala chali. Mimi nilikuwa hapo hapo jirani, lakini nimefungwa kwa kamba, na kati yetu kulikuwa na kibarua mwenye mkono uliovunjika aliyewekwa godoro la sakafuni na aliyenisimulia maisha yake yote. Mwalimu alinitazama mara kadhaa. Nilidhani ananiambia kibarua anazungumza sana.

Aliyegundua ni bintiye. Alikuja jioni, akaomba pazia livutwe, akawa anamfuta baba yake mgongo. Simulizi za saluni zikakatika. Kisha akatoka nyuma ya pazia na taulo mkononi, hakumtazama mtu, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Metroni, na hakupandisha sauti hata kidogo. Ningependa angepiga kelele.

Juu ya makalio, pale mfupa unapoishia, ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi kwa upana wa kiganja cha mtoto, na katikati imefunguka.

Metroni alikuja mwenyewe akatazama. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Akauliza tu nani alikuwa akimgeuza mgonjwa huyu. Cherehani akamtazama Taratibu. Taratibu akamtazama Cherehani. Kila mmoja alikuwa anangoja jibu la mwenzake. Metroni akasema anataka maelezo Jumatatu, na binti wa Mwalimu anayataka zaidi yake.

Walisafisha kile kidonda pamoja, na kwa mara ya kwanza mikono yao ikagongana. Walipomaliza wakasimama karibu na kitanda changu, wakanisahau kama mtu anavyosahau kabati.

"Kwa nini hukuniambia kwamba umeshindwa?" Cherehani akauliza. "Ningekuja mimi."

"Nimeshindwa nini?"

"Kuwageuza. Unaweka alama kana kwamba umewageuza."

Taratibu alichukua muda kuelewa, na alipoelewa uso wake ulifunga. "Alama sikuweka mimi. Wewe ndiye uliyekuwa unaweka."

"Mimi? Mimi na vidonda vile vyote ningepata wapi nafasi?"

"Basi unaniita mwongo."

"Sikukuita kitu. Nasema mtu aliigeuza ile mito."

"Na mimi nasema hivyo hivyo, dada," Taratibu akajibu, na lile neno dada alilitamka kama anaongea na mteja wa dirishani.

Wakaachana. Siku zilizofuata walifanya kazi kama majirani waliogombania mpaka. Walizungumza, ndiyo, walizungumza kuliko zamani: naomba mkasi, chukua, naomba shuka, hilo hapo. Ilichosha kusikiliza. Wagonjwa wakaanza kugawanyika, upande wa dirishani wanamtetea Taratibu, upande wetu Cherehani, na yule kibarua wa sakafuni akashauri wapatanishwe kwa soda. Cherehani hakugonga tena kisigino. Alikuwa akisimama kimya, na mimi nikaona afadhali ile kelele. Nyumbani pia, aliniambia, mumewe alimkuta anafua nguo ambazo zilikuwa zimeshafuliwa.

"Jumatatu nitamwambia Metroni nakwenda kliniki," akasema. "Mtu niliyekuwa nasitasita kwa ajili yake, kumbe sikumjua."

Nilitaka kusema jambo la busara la kizee, likakosekana. Nikamwambia tu asijibu akiwa na hasira. Akasema hana hasira, ana baridi.

Jumatatu asubuhi alikuja mapema kupokea zamu. Nilimwona anaingia, mkoba bado begani, na kusimama mlangoni. Ndani ya wodi Mgeni alikuwa anapita kitanda hadi kitanda, anaimba kwa pua, anainua kichwa cha mtu kidogo, anazungusha mto, anakirudisha kichwa, anapapasa foronya kwa kiganja, anakwenda kwa mwingine.

Cherehani akauliza kwa sauti ambayo haikuwa yake, "Mdogo wangu, unafanya nini?"

Yule binti akashtuka, akadhani amekosea kumwinua mgonjwa. Akaeleza mambo ya mlango na ya daktari na ya upande uliofungwa, jinsi walivyofundishwa, na kwamba amekuwa akifanya hivyo tangu afike, kwa kuwa aliona dada zake wana shughuli nyingi na hilo tu ndilo lililobaki.

"Kila siku?"

"Kila nikipata nafasi, dada. Kuna ubaya?"

Cherehani alikwenda mpaka mwisho wa wodi ambako Taratibu alikuwa anapima presha ya mtu, akamshika mkono, kipimo kikiwa bado kinaning'inia shingoni, akamleta mpaka mbele ya Mgeni na kumwomba yule binti arudie. Akarudia, macho yameanza kujaa. Taratibu aliketi kitandani kwa mgonjwa, jambo ambalo nesi haruhusiwi kulifanya. Akacheka mara moja, kicheko kikavu. Kisha akajifuta uso kwa vazi la kazi, mgonjwa wa watu akisogeza miguu ampishe.

Ilikuwa rahisi sana sasa kumwachia Mgeni mzigo. Yeye ndiye aliyeigeuza mito, na nesi mpya hana wa kumtetea. Mwenyewe alikuwa amekwisha kuanza kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulielewa. Cherehani akamkatiza. Maneno aliyoyasema aliyasema mbele ya wodi nzima, na nilipenda kwamba hakuyapamba.

"Wewe hukukosea kitu. Sisi tulikuwa na ishara yetu, tukaona tamu, hatukukufundisha. Umefanya kazi humu ndani kama mtu anayepita sebuleni kwa watu. Kosa ni letu, na tunakwenda kulisema."

Wakaenda ofisini wote watatu. Yaliyosemwa huko niliyapata kwa Taratibu. Metroni alisikiliza mpaka mwisho, akawauliza kama wanajua karatasi za kutia alama zinapatikana wapi. Wakasema wanajua, stoo. Akawauliza kwa nini hawakwenda kuzichukua. Akawaandikia onyo, wawili wale, na akawaambia kwamba hilo ni la ofisi, lakini la ndugu wa mgonjwa waliseme kwa midomo yao.

Jioni binti wa Mwalimu alipokuja, Cherehani alimweleza, amesimama wima kama mtoto aliyevunja sahani. Alieleza kila kitu, pamoja na lile la kushukuriana. Yule msusi alisikiliza huku anakunja na kukunjua taulo.

"Kwa hiyo," akasema, "kila mmoja wenu alikuwa anamshukuru mwenzake, na baba yangu amelala tu hapo."

"Ndiyo, dada yangu."

"Mngegombana ingekuwa heri."

Hakusema amesamehe. Aliingia nyuma ya pazia. Nimewasikia watu wakidai kwamba ukiungama mzigo unashuka. Mimi nilichoona ni Cherehani ameng'ang'ania chuma cha kitanda changu. Akaniambia haendi kliniki. Hawezi kwenda kukaa kitini kupima watoto wanono wa watu na kidonda kile kiko wazi. Kikifunga, ataona. Na mumewe? Atamwambia leo leo, akasema, na akikasirika akasirike.

Alimwambia kweli, na fundi alikasirika kweli, siku kadhaa hakumletea mwavuli ingawa mvua ilinyesha.

Lakini Metroni naye alikuwa na kiti chake cha kujaza. Akasema kliniki inafunguliwa tarehe ile ile, kidonda hakitazamiwi kufunga kwa amri yake, na kama si Cherehani basi nani? Hapo Taratibu akanyoosha mkono.

Cherehani aliisikia habari hiyo akiwa ameshika beseni langu, na maji mengi yaliishia kitandani kwangu. Alimfuata mwenzake mpaka kwenye kabati la shuka. Kabati liko nyuma ya kichwa changu, na wao walishazoea kwamba mimi ni samani.

"Unaniadhibu," Cherehani akasema.

"Mgongo wangu umekwisha, shoga. Umekwisha zamani. Nikitoka hapa, nyumbani nalala sakafuni, mwanangu ananivua viatu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekuwa unabeba wagonjwa wote wewe peke yako." Mlango wa kabati ukalia. "Na wewe kliniki ile ulipewa tangu mwezi ulipoandama, mbona hukuniambia?"

Nilisikia shuka zinakunjwa, nyingi, bila sababu, kisha Taratibu akasema kwamba kule geti si ng'ambo ya bahari, na kwamba yule binti ana mikono mizuri, apewe tu nafasi ya kuiweka.

Taratibu akahamia kliniki. Alasiri nyingine alipita kutusalimia, amevaa sare iliyopigwa pasi, akasema watoto wanamkojolea na yuko radhi. Alitembea akiwa amenyooka zaidi. Cherehani aliongea naye mlangoni, viatu vikigonga, wakacheka kitu, akarudi ndani na uso wa mtu aliyesindikiza msafiri kituoni. Karatasi za alama zikatundikwa miguuni mwa vitanda, na zamu ikawa inapokelewa kwa sauti, mbele ya kila kitanda, mpaka sisi wagonjwa tukajua habari za choo cha kila mtu. Kidonda cha Mwalimu kilikuwa kinafunga polepole kutoka pembeni, kama tundu la soksi linaloshonwa na mtu asiye na haraka. Bintiye alikuwa akikitazama kila jioni mwenyewe, na siku moja alimwachia Cherehani kopo la mafuta ya mikono juu ya meza, bila neno.

Mimi waliniondolea kamba, wakanifundisha magongo. Asubuhi niliyoruhusiwa kwenda nyumbani nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, nimevaa suruali yangu mwenyewe, namngoja mwanangu aje kunichukua. Cherehani na Mgeni wakaja kumgeuza Mwalimu. Wakasimama huyu upande huu, yule upande ule, wakakunja ukingo wa shuka ngumi kwa ngumi.

"Moja, mbili, tatu," Mgeni akahesabu, akainua. Cherehani alikuwa bado anangoja.

Mwalimu akainuka upande mmoja, akarudi.

"Ngoja," Cherehani akasema. "Sisi tulikuwa tunasema moja, mbili, halafu haya. Unainua kwenye haya."

"Haya ni baada ya mbili au baada ya tatu?"

"Tatu haipo."

"Dada, chuoni tatu ipo."

Cherehani aliutazama mlango kidogo, nadhani alikuwa anatafuta mtu ambaye angeelewa bila kuambiwa. Kisha akapangusa viganja kwenye sare, akakunja shuka upya.

"Haya basi, tatu ipo," akasema. "Lakini uhesabu wewe, kwa sauti, maana mimi nitasahau."

Mwalimu alikuwa katikati, amelegea, macho yanakwenda kwa huyu na kurudi kwa yule, anangoja wakubaliane.